Kuchagua tairi la spea ukiwa Tanga bila kuuziwa tairi la theluji

Maswali ni yale yale kila mara. "Gari limetoka Japani halina spea, ninunue ipi?" "Spea yangu ni ya siku nyingi lakini haijawahi kugusa lami, bado nzima?" Na hili linalorudi kuliko yote: "Nimeona tairi la Japani pale Ngamiani, kashata zimejaa, bei ya kuelewana, nichukue?"

Kwenye swali hilo la tatu ndipo watu wengi wanapopigwa. Tairi la mtumba lenye kashata (vile vitofali vya mpira vya usoni mwa tairi) nene kupita kawaida, limejaa vijikato vidogo vidogo, mara nyingi ni tairi la majira ya baridi. Limetengenezwa kwa ajili ya theluji na barafu ya Hokkaido na sehemu nyingine za kaskazini mwa Japani. Huku kwetu linatupwa kwenye buti na kusubiri siku ya pancha, kwenye lami ya kwenda Segera, saa nane mchana.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari dogo au la familia: Vitz, IST, Premio, Noah, RAV4 na wenzao. Coaster na malori yana mambo yake, sitayagusa.

Tatizo la tairi la theluji, kwa ufupi

Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi kali. Huko linakotumika, watu hulifunga joto linaposhuka karibu na nyuzi 7. Tanga hatuna siku ya namna hiyo. Hata ukipanda Lushoto mwezi wa Julai ukavaa koti, barabarani hakuna barafu wala theluji. Kwenye lami ya moto mpira huo unalegea, gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama, kwenye kona linakuwa zito kutii usukani, na kashata zinalika upesi. Kwenye mvua nako halikusaidii kama unavyodhani, kwa sababu vile vijikato vimewekwa kukabili utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu. Madimbwi ya masika yanataka mifereji mipana ya kutoa maji kwa wingi.

Kwa nini basi linafika kwetu likiwa na kashata nyingi? Sababu ni mbili, na ukizijua hutadanganyika tena. Kwanza, Mjapani hulifunga miezi ya baridi tu, kisha hulivua na kuliweka stoo hadi mwaka unaofuata. Pili, matairi hayo yana alama ya ziada ya kuchakaa ambayo hujitokeza kashata zinapofika nusu. Zikifika hapo, tairi halihesabiwi tena kuwa la theluji, na mwenye gari analiacha. Kwa hiyo unaletewa tairi lenye nusu ya kashata au zaidi, huku umri wake umekwenda. Unene wa kashata hapo hausemi lolote kuhusu upya wa tairi.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Saizi ya matairi manne yaliyo kwenye gari lako, uliyoisoma mwenyewe ubavuni na kuipiga picha.
- Picha ya karatasi ya upepo iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba zinasomeka.
- Simu yenye tochi na kikokotoo.
- Rula ndogo ya shule, ile yenye milimita.
- Kitambaa kibichi, na chupa yenye maji ya sabuni.
- Jeki na wili spana ya gari lenyewe. Vitoe, vijaribu. Jeki iliyokwama kwa kutu inaifanya spea yoyote iwe mzigo tu.
- Muda. Usiende kununua spea saa kumi na mbili jioni ukiwa na safari ya Dar alfajiri.

Hatua ya 1: Fungua buti ujue una nini

Nyanyua zulia la buti. Utakuta kimojawapo kati ya vitu vinne: spea kamili yenye saizi sawa na matairi mengine, tairi jembamba la dharura, chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, au shimo tupu.

Tairi jembamba lina namba inayoanza na T, kwa mfano T125/70D16. Limetengenezwa likufikishe kwa fundi, basi. Upepo wake ni mwingi kuliko unavyozoea, 420 kPa, yaani kama 60 kwenye geji ya fundi, na mwendo hauzidi 80. Watu wanalijaza 30, linapondeka, halafu wanalilaumu.

Chupa ya gundi inasaidia tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi. Ubavu ukichanika haifanyi kitu, na ina tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo kwa gari la mtumba huenda ilishapita. Kama gari lako limekuja hivyo, unahitaji spea, rimu, jeki na wili spana, vyote vinne. Pima pia upana na kina cha shimo la buti kwa rula au kamba. Kuna magari ambayo spea kamili haiingii, zulia linabaki limeinuka na mizigo inacheza.

Hatua ya 2: Pata saizi sahihi

Tuchukue 195/65R15 91H. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya huo upana. R ni aina ya muundo, na karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi ni hayo. 15 ni rimu kwa inchi. 91 ni uwezo wa kubeba mzigo na H ni kikomo cha mwendo; hivyo viwili tutavirudia.

Bora kuliko yote ni spea yenye namba zile zile. Ukishindwa kabisa kuipata, linganisha kimo kizima cha tairi. Hesabu yake: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4).

195/65R15: 195 × 0.65 × 2 = 253.5, jumlisha 381, unapata 634.5.
185/65R15: 185 × 0.65 × 2 = 240.5, jumlisha 381, unapata 621.5.

Tofauti ni milimita 13, kama asilimia 2. Kwa kukufikisha kwa fundi hiyo inavumilika. Ikizidi asilimia 3, achana nayo.

Angalizo kwa wenye foo wili ya kudumu: kwenu nyinyi hata hiyo asilimia 2 ni nyingi. Matairi yenye vimo tofauti yanazunguka kwa kasi tofauti, difu na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma vinafanya kazi bila kupumzika hadi vinapata moto. Tafuta saizi ile ile, na uchakavu usioachana sana na wa matairi mengine.

Hatua ya 3: Angalia mzigo na mwendo

91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. 88 ni kilo 560, 86 ni kilo 530, 82 ni kilo 475. Namba ya spea isiwe chini ya ile iliyokuja na gari. Hili linawahusu hasa wenye Noah na magari ya abiria saba, maana ndiyo yanayorudi kutoka shamba Muheza yakiwa na watu, machungwa na mkungu wa ndizi juu yake.

Kwenye herufi, S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Q ni 160. Ukiona Q kwenye tairi la gari dogo la Kijapani, simama hapo hapo. Hutumika sana kwenye matairi ya theluji ya Japani. Peke yake haitoshi kuhukumu, lakini inakutosha kulisoma tairi hilo kwa makini zaidi.

Hatua ya 4: Soma ubavu mzima, pande zote mbili

Hii ndiyo hatua yenyewe, usiipitie juu juu. Chukua kitambaa kibichi, futa vumbi na ile rangi nyeusi ya kung'arisha, washa tochi uimulike kwa pembeni ili maandishi yainuke. Zungusha tairi taratibu ukitafuta haya:

a) Neno STUDLESS. Likiwepo, mjadala umekwisha, hilo ni tairi la theluji. Neno hilo lilienea baada ya Japani kupitisha sheria ya mwaka 1990 dhidi ya matairi yenye misumari ya chuma, yaliyokuwa yakikwangua lami na kujaza vumbi mijini. Viwanda vikahamia kwenye matairi ya baridi yasiyo na misumari, na ndiyo haya tunayokutana nayo.

b) Picha ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo ni alama ya tairi lililopimwa kwenye theluji. Kumbuka kuwa yapo matairi ya theluji ya Japani yasiyo na picha hii, kwa hiyo kutoiona si kibali cha kununua.

c) Neno SNOW, au jina lenye barafu na baridi ndani yake. Bridgestone wana Blizzak, Yokohama wana iceGUARD, Dunlop wana Winter Maxx, Goodyear wana Ice Navi, Michelin wana X-Ice, Toyo wana Observe. Yahifadhi majina haya kwenye simu. Ni matairi mazuri sana huko yalikokusudiwa, na makampuni hayo hayo yanatengeneza matairi ya joto yanayofaa huku kwetu.

d) Herufi M+S, maana yake matope na theluji. Hapa watu wanachanganyikiwa kwa upande wa pili: wanaikataa kila tairi yenye M+S. Herufi hizo zinawekwa pia kwenye matairi ya misimu yote na matairi mengi ya magari ya juu yanayopita barabara za vumbi. Tairi la M+S lenye vitofali vikubwa vigumu, bila STUDLESS wala ule mlima, linaweza kumfaa kabisa mtu anayepanda Amani kila wiki.

Muuzaji atakwambia, "Bosi, hiyo Japani orijino, we angalia kashata." Mjibu kwa heshima, "Nimeziona kaka, ngoja nisome ubavu." Muuzaji mwaminifu atakusaidia kuligeuza. Akianza kukuharakisha, mwachie tairi lake.

Hatua ya 5: Tazama na ushike kashata

Inama, angalia kitofali kimoja cha kashata kwa karibu. Tairi la joto lina vitofali vikubwa au mbavu ndefu zinazozunguka tairi, na vijikato vichache vilivyonyooka. La theluji lina vitofali vingi, na kila kimoja kimechanwa mistari myembamba ya kupindapinda, mingi, imekaribiana. Kitekenye kitofali kwa kidole gumba kwenda mbele na nyuma: utaona ile mistari ikifunguka na kufumba.

Halafu tafuta alama mbili ndani ya mifereji. Ya kwanza ni kituta kidogo cha kawaida kilicho na kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana nacho tairi limekufa. Ya pili, ambayo matairi ya theluji ya Japani huwa nayo, ni kituta kirefu zaidi kinachofika katikati ya kimo cha kashata mpya. Ukiona vituta viwili vya vimo tofauti, umeshalijua tairi lako.

Usiutegemee ulaini peke yake. Tairi la theluji likizeeka linakauka, na fundi atakwambia "hili gumu, ni la lami." Gumu la uzee si gumu la lami.

Spea ninayoipendekeza iwe na kashata za milimita 4 au zaidi kwa rula, zipimwe katikati na mabega yote mawili.

Hatua ya 6: Soma umri

Tafuta herufi DOT, kisha fuata mstari hadi kwenye tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, na dukani upande huo ndio unaogeuziwa ukutani. Ligeuze. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liache liwe bembea.

Chama cha watengeneza matairi wa Japani kinashauri tairi likaguliwe na mtaalamu baada ya miaka 5 ya matumizi, na libadilishwe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima, spea ikiwemo. Kwa gari linaloshinda juani Tanga mimi nasema usinunue lililopita miaka 6. Joto na jua vinakausha mpira hata tairi likiwa limekaa tu. Na hili ndilo jibu la yule mwenye spea ya siku nyingi isiyowahi kugusa lami: soma DOT yake kwanza, kashata baadaye.

Hatua ya 7: Kagua majeraha na ufundi wa kuficha

Tairi liwe limevuliwa kwenye rimu. Ukikataliwa kuona ndani, usinunue.

Ndani, pitisha kiganja polepole. Unatafuta viraka, mikunjo, unga mweusi wa mpira, na mduara uliosuguliwa kwenye ubavu. Unga na mduara huo ni dalili kwamba tairi liliendeshwa bila upepo, na nyuzi zake zimeshavunjika. Nje litapendeza, lakini siku ya mwendo litapasuka. Kiraka kimoja katikati ya uso wa tairi kinakubalika. Kiraka begani au ubavuni hakikubaliki, hata fundi akiapa.

Nje, angalia nundu, mipasuko midogo kwenye shina la kashata, na waya unaochungulia. Pinda ubavu kwa mikono miwili: mpira mzee hufunguka nyufa kama udongo wa shamba la kiangazi.

Sasa yale ya kuficha. Kwanza, tairi la kuchonga: kipara kilichochimbwa upya kwa kisu cha moto. Utalijua kwa sababu mifereji haina kina sawa, kingo zake zina mawimbi, na kile kituta cha milimita 1.6 hakipo, kimechongwa pamoja. Matairi ya gari dogo hayana unene wa kuchongwa. Kisu kinakaribia waya. Pili, rangi nyeusi nzito iliyopakwa kufunika nyufa. Ndiyo maana nimekwambia uende na kitambaa kibichi. Tatu, gundi nyeusi iliyojazwa kwenye mpasuko wa ubavu. Bonyeza kwa ukucha, inaachia.

Hatua ya 8: Epuka mshale

Watu wengi hawalifikirii hili. Ukiona neno ROTATION na mshale ubavuni, tairi hilo linatakiwa lizunguke upande mmoja tu. Likiwa spea, litafaa upande mmoja tu, kulia au kushoto, na pancha haichagui upande. Chagua tairi lisilo na mshale. Yenye maneno OUTSIDE na INSIDE hayana shida, mradi yamefungwa kwenye rimu uso sahihi ukiwa nje.

Hatua ya 9: Rimu na nati

Rimu ya spea ilingane na gari kwa idadi ya nati, umbali kati ya matundu, na tundu la katikati. Vitz na IST ya toleo la kwanza zina nati nne, umbali milimita 100. Premio na Allion zina tano, pia 100. RAV4 na Noah zina tano, 114.3. Usikubali "itaingia tu kwa kulazimisha". Rimu isiyokaa katikati ya kitovu inatikisa gari na kulegeza nati.

Nati nazo zina nyuzi zake. Toyota na Honda hutumia nyuzi zenye nafasi ya milimita 1.5, Nissan na Suzuki 1.25. Ukiinunua nati ya duka ukaisukuma kwa wili spana ikatoa mlio, acha, unakata bolti. Kama gari lako lina rimu za spoti na spea ni ya chuma, mwambie fundi aifunge kabisa mbele yako uone kama nati zinakaa vizuri kwenye matundu ya rimu ya chuma. Nati za rimu za spoti za dukani wakati mwingine hazikai.

Kabla ya kufunga tairi, mwambie fundi apige brashi ya waya kwenye ukingo wa rimu. Kutu ya pwani ndiyo inayovujisha upepo kimya kimya, na vali mpya ni gharama ndogo.

Hatua ya 10: Jaza, pima, jaribu

Soma karatasi ya mlangoni. 220 kPa ni kama 32 kwenye geji ya fundi, 230 ni 33, 250 ni 36. Spea nashauri uijaze zaidi kidogo, pauni nne au tano juu ya hapo, maana itapungua ikiwa ndani ya buti. Ukifika siku ya kuitumia unaachia hadi kipimo. Mwagia maji ya sabuni kwenye vali na kuzunguka mdomo wa tairi pande zote. Mapovu yakikua, kazi haijaisha.

Halafu fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: lifunge garini siku hiyo hiyo. Piga jeki mahali tambarare, vua gurudumu moja, funga spea, endesha kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi. Sikiliza kama linagusa fenda ukikata kona hadi mwisho. Shika breki kwa nguvu mahali pasipo na watu, uone kama gari linavuta upande. Likipita jaribio hilo, rudisha buti, na ulifunge kwa ile bolti yake lisiruke ruke.

Kwa magari yanayobeba spea uvunguni, kama Hiace, fungua mnyororo au winchi yake mara kwa mara na kuipaka grisi. Chumvi ya bahari inaikamata hadi siku ya shida spea inaning'inia hapo na hakuna wa kuishusha.

Ukikwama

*Nimeshanunua, nimegundua ni la theluji.* Kama saizi ni sahihi, umri haujapita na halina jeraha, lichukulie kama lile tairi jembamba la dharura: likufikishe kwa fundi wa karibu, mwendo usizidi 80, mvua ikiwa kubwa shuka zaidi, na usiliache garini hadi kesho. Kushuka Lushoto kwenda Mombo na tairi hilo mbele, zile kona na breki za mfululizo, sikushauri. Panga kulibadilisha mapema.

*Gari zima limekuja na matairi manne ya theluji.* Inatokea sana kwa magari yaliyosajiliwa kaskazini mwa Japani. Usibadilishe moja moja. Matairi mawili ya aina tofauti kwenye ekseli moja yanashika breki tofauti. Badilisha yote manne. Bajeti ikibana anza na mawili ya nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Mawili ya mbele yafuate upesi, na kabla hayajafuata nenda taratibu.

*Spea yangu ina kimo tofauti na pancha iko kwenye magurudumu yanayovuta gari.* Mfano, gari linavuta kwa mbele na pancha ni ya mbele. Hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, spea iende nyuma. Ni kazi ya jeki mara mbili, lakini difu yako itakushukuru.

*Nimefunga spea, usukani unatetemeka.* Simama. Kaza nati kwa mtindo wa nyota, ukirukia ya upande wa pili, wala usizifuate kwa mzunguko. Angalia kama kuna mchanga au kutu kati ya rimu na kitovu. Bado linatetemeka? Linahitaji kubalansiwa, au rimu imepinda.

*Usukani unavuta upande.* Pima upepo wa matairi yote manne kwanza, spea uliyoijaza zaidi huenda hukuipunguza. Upepo ukiwa sawa ndipo ufikirie kimo na aina ya tairi.

*Spea inapungua upepo kila mwezi.* Maji ya sabuni kwenye vali, kisha kwenye mdomo. Ikiwa ni mdomo, rimu isuguliwe upya. Ipime kila unapopima matairi mengine, na lazima kabla ya kutoka kwenda Horohoro, Handeni au Dar.

*Nati haifunguki.* Weka wili spana ikae sawasawa, kanyaga kwa uzito wako gari likiwa bado chini, kabla ya jeki. Mafuta ya kulegeza kutu yapakwe kwenye nyuzi, subiri, rudia. Usipake mafuta kwenye uso wa nati unaokaa kwenye rimu. Ukishafunga, kaza tena baada ya kilomita 50 hivi. Ukitokea Tanga mjini, hapo utakuwa umeshapita Muheza, simama kabla ya Segera.

*Dukani hakuna saizi yangu isipokuwa ya theluji.* Nunua moja jipya la bei ya kati kwa saizi yako badala ya la mtumba, au funga jipya garini kisha lile zima kuukuu lililotoka liwe spea. Hii ya pili ndiyo ninayoipenda: spea inakuwa ya saizi na aina ile ile ya wenzake, na historia yake unaijua mwenyewe.